Kipya Kiko Wapi? Mafunzo Niliyopata Kuhusu Hataza za Programu

Riziki yangu naipata kwa kuandika programu: za maduka ya jumla, za vyama vya akiba na mikopo, za shule. Kwa kuwa napenda kusoma sheria, wenzangu wa Mombasa wamenizoea pia kama mtu wa kuulizwa kabla hawajamlipa wakili. Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Hii programu yangu naweza kuichukulia hataza?" Anayeuliza huwa ana kitu kinachofanya kazi, na ana hofu kwamba kampuni kubwa itakiona leo na kukiiga kesho.

Swali hilo halijibiki kwa ndiyo au la. Inategemea uko nchi gani, jambo jipya limekaa wapi ndani ya kazi yako, na siasa za waliotunga sheria zilielemea upande upi. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kusoma sheria za kwetu na za ng'ambo, na kwa kukaa na vijana wawili nitakaowataja mara kwa mara: dada mmoja wa Mombasa mwenye programu ya mawakala wa forodha, na kijana wa Kilifi aliyebuni kifaa cha kuendesha friza za samaki.

1. Hakimiliki unayo tayari. Hataza ni jambo jingine

Wengi wanaokuja kuulizia hataza hawajui kwamba wana ulinzi tayari. Mkataba wa TRIPS, uliotiwa saini Marrakesh mwaka 1994, unaagiza katika kifungu cha 10 kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 imefuata mkondo huo. Ukishaandika msimbo na kuuhifadhi, umeshalindwa. Kusajili si sharti, ingawa cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husaidia kuthibitisha dai lako kortini. Ulinzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako.

Mipaka yake iko hapa: hakimiliki hulinda maandishi, hailindi wazo. Mwenzako akiitazama programu yako inavyofanya kazi, akarudi kwake akaandika nyingine ya namna ileile kwa msimbo wake mwenyewe, sheria hiyo haimgusi. Hataza inaweza kumgusa. Tena inamgusa hata yule ambaye hajawahi kuiona kazi yako, aliyefikia suluhisho hilohilo peke yake akiwa chumbani kwake Eldoret. Hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi. Kwa sababu ya ukali huo, nchi zimebishana kwa zaidi ya nusu karne kuhusu kama programu ziingizwe humo.

2. Soma orodha ya vilivyokataliwa, kisha soma kilichonyamaziwa

Kifungu cha 21 cha Sheria ya Miliki ya Viwanda ya Kenya ya 2001 kina orodha ya mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi: ugunduzi, nadharia za sayansi na mbinu za hisabati, mipango, kanuni au njia za kufanya biashara, za kufikiri kichwani tu au za kucheza michezo, njia za kutibu watu na wanyama, uwasilishaji mtupu wa habari. Programu za kompyuta hazikutajwa. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973 unazitaja waziwazi katika kifungu cha 52, na Sheria ya Hataza ya Afrika Kusini ya 1978 inazitaja vilevile.

Dada wa forodha alipoiona orodha yetu alifurahi. "Kaka, hawajanikataza!" Nikamwomba anieleze kwa sentensi moja programu yake inafanya nini, lakini asiitaje kompyuta. Akafikiri kidogo, akasema: inamuuliza karani maswali kuhusu mzigo, inakusanya majibu, inajaza makaratasi ya kutoa kontena bandarini. Ukishaiweka kompyuta kando, kinachobaki ni mpango wa kazi ya ofisi, na njia za kufanya biashara zimo kwenye orodha. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa mimi naenda na nini?" Jibu lake liko mbele, katika fundisho la nane.

Tangu hapo kila mtu akija huwa nampa zoezi hilo la sentensi moja. Sheria isipolitaja neno programu haijafungua mlango. Inawezekana imeuziba kwa kifungu cha jirani.

3. Uliza kipya kiko wapi

Kati ya sheria zote nilizosoma, iliyonifungua macho zaidi ni ya New Zealand. Mswada wake uliingia bungeni 2008. Mwaka 2010 kamati ya bunge inayoshughulikia biashara ikapendekeza programu ziondolewe kabisa kwenye hataza, baada ya kuwasikiliza waandishi wa programu waliosema kwamba kila programu hujengwa juu ya zilizotangulia. Kampuni kubwa na baadhi ya mawakala wa hataza hawakuridhika, na mvutano ukachukua miaka mitatu mingine. Sheria ilipita Agosti 2013 kwa kura 117 dhidi ya 4, ikaanza kutumika Septemba 2014.

Kifungu cha 11 kinasema programu ya kompyuta si uvumbuzi, kisha kinaweka mpaka: katazo linahusu dai ambalo mchango wake halisi umo ndani ya programu peke yake. Watunga sheria hawakuishia hapo. Waliandika mifano miwili ndani ya sheria yenyewe, jambo ambalo ni adimu kulikuta.

Mfano wa kwanza ni mashine ya kufulia nguo. Mtu amebuni njia bora ya kufua, na njia hiyo inaendeshwa na programu iliyo kwenye chipu ndani ya mashine ya kawaida. Mashine haikubadilishwa chochote isipokuwa programu hiyo. Matokeo yake nguo zinatakata zaidi na umeme unaotumika ni kidogo. Sheria inasema hapo mchango halisi ni namna mashine inavyofanya kazi, na programu ni chombo tu cha kuifanikisha. Hataza inawezekana.

Mfano wa pili ni mtu aliyebuni mfumo unaomuuliza mteja maswali, unahifadhi majibu kwenye hifadhidata, kisha unatoa hati za kisheria za kusajili kampuni. Kompyuta ni ya kawaida na kipya ni programu tu. Hataza haiwezekani. Mfano huo unafanana mno na kesi ya Macrossan, ambayo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliikataa mwaka 2006: naye alikuwa amebuni njia ya kuandaa hati za kusajili kampuni kwa maswali na majibu kupitia kompyuta.

Niliposoma mifano hiyo niliwaona vijana wangu wawili. Badala ya hati za kampuni weka makaratasi ya forodha, umempata dada yetu. Badala ya mashine ya kufulia weka friza, umempata kijana wa Kilifi. Kifaa chake kina kihisi joto kati ya samaki na kingine kwenye kompresa. Programu inajifunza stima hupotea saa ngapi katika kijiji kile, kisha inaisukuma kompresa kwa nguvu kabla ya saa hizo ili barafu ishikilie mpaka stima irudi. "Ami," aliniambia, "mimi nimeandika msimbo tu. Friza ni ileile ya dukani." Nikamwambia asilirudie neno hilo mbele ya wakala wa hataza kabla hajaeleza kinachotokea kwa samaki. Mkaguzi atataka kujua ni nini kimebadilika nje ya kompyuta, na huyu anacho cha kumwonyesha: joto la samaki, muda ambao barafu inashikilia, na umeme unaotumika.

4. Uvumbuzi mmoja unaweza kupata majibu matatu

Hataza ni ya nchi. Hakuna hataza ya dunia, na cheti cha Nairobi hakimzuii mtu wa Kampala, achilia mbali wa California. Hataza maarufu ya Amazon ya kununua kwa kubofya mara moja inaonyesha jambo hili vizuri.

Maombi yake yalipelekwa Marekani mwaka 1997 na hataza ikatolewa Septemba 1999. Ukisoma dai lenyewe utashangaa jinsi lilivyo jepesi: mteja anaonyeshwa bidhaa, kwa tendo moja tu anatuma agizo pamoja na kitambulisho chake, seva inatafuta taarifa zake ilizohifadhi tangu awali na kukamilisha ununuzi bila kutumia kikapu. Kabla mwaka haujaisha Amazon walikuwa wamewashtaki Barnes & Noble na kupata amri ya kuwazuia. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliiondoa amri hiyo, na pande mbili zikapatana baadaye. Apple walilipia leseni. Canada iliikataa kwanza, shauri likaenda mahakamani, mwishowe ikatolewa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikataa, ikisema hakuna hatua ya uvumbuzi hapo. Kitufe ni kilekile, waombaji ni walewale, na majibu yakatofautiana.

Hata ndani ya nchi moja jibu hubadilika. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hataza ya njia ya kugeuza namba kutoka mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine, ikiona kwamba kuitoa kungekuwa sawa na kumpa mtu hesabu tupu. Mwaka 1981, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali njia ya kupika mpira kwenye kalibu: joto lilipimwa mfululizo ndani ya kalibu, kompyuta ikakokotoa upya kwa fomula inayojulikana ya Arrhenius, kisha kalibu ikafunguka mpira ulipoiva. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilifungua mlango hadi kwa njia za kuendesha fedha za uwekezaji, na maombi yakafurika. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice, Mahakama ya Juu kwa sauti moja ikasema kwamba kulichukua wazo la kidhahania na kulitekeleza kwa kompyuta ya kawaida hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Hataza nyingi zilizotolewa katika miaka ya neema zikaanguka kortini baada ya hapo.

Kwa hiyo anayekuja kwangu namuuliza kwanza anakusudia kumuuzia nani. Ikiwa wateja wako wote wako Kenya na Tanzania, sheria ya Marekani ni hadithi nzuri ya kusoma. Ikiwa unataka kuingia soko la Marekani, isome kesi ya Alice kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya maombi.

Kesi ya mpira nilimpa kijana wa Kilifi aisome. Joto linapimwa mfululizo, kompyuta inakokotoa, mashine inatenda. Aliisoma mara mbili, akaanza kuandika upya maelezo yake yote akianzia kwenye friza.

5. Sheria hii hutungwa na wanaofika mezani

Kwa muda mrefu nilidhani suala la hataza za programu huamuliwa na wataalamu waliojifungia na vitabu vyao. Historia ya Ulaya iliniondolea dhana hiyo.

Februari 2002 Kamisheni ya Ulaya ilileta pendekezo la mwongozo wa pamoja kuhusu uvumbuzi unaotekelezwa kwa kompyuta. Watetezi wake walisema unaweka wazi hali iliyopo tu. Waandishi wa programu, hasa wa programu huria na wa kampuni ndogo, walisema unahalalisha hataza za programu kupitia mlango wa nyuma. Septemba 2003 Bunge la Ulaya likaubadilisha kwa kuweka mipaka mikali. Baraza la Mawaziri likarudi na toleo lililolegeza mipaka hiyo.

Desemba 2004 toleo hilo lilipangwa kupitishwa bila mjadala katika kikao cha mawaziri wa kilimo na uvuvi. Utaratibu wa Ulaya unaruhusu hilo: jambo likishaafikiwa, baraza lolote linaweza kuligonga muhuri. Siku hiyo, tarehe 21, naibu waziri kutoka Poland, Włodzimierz Marciński, aliomba jambo hilo liondolewe kwenye ajenda, na likaondolewa. Machi 2005 baraza lilifanikiwa kulipitisha, lakini Julai 6 mwaka huo Bunge la Ulaya likaukataa mwongozo wote kwa kura 648 dhidi ya 14. Kufikia hapo hata baadhi ya waliokuwa wakiutaka waliona afadhali usiwepo kuliko kupata wenye mipaka wasiyoipenda.

India nayo ilipita njia yake. Sheria yao ya hataza, kwa marekebisho ya 2002, inasema katika kifungu cha 3(k) kwamba mbinu za hisabati au biashara, programu ya kompyuta peke yake, na algoriti si uvumbuzi. Mwishoni mwa 2004 serikali ilitoa amri ya kulegeza katazo hilo, ili programu yenye matumizi ya kiufundi viwandani au iliyounganishwa na mashine ikubalike. Bunge lilipoketi 2005 kupitisha sheria kamili, marekebisho hayo yaliondolewa na katazo la awali likabaki. Kumbuka kwamba hii ni nchi yenye sekta ya programu kubwa kupindukia, na bado wabunge wake hawakushawishika kwamba sekta hiyo inahitaji hataza ili ikue.

New Zealand, Ulaya na India zote zilifikia uamuzi baada ya watu wa kawaida wa kazi hii kuandika barua, kufika kwenye kamati na kueleza kwa lugha nyepesi programu hutengenezwaje. Katiba yetu ya 2010 inataka ushirikishaji wa umma kabla ya sheria kupita. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo na nikaona wanaofika ni mawakili na wawakilishi wa kampuni. Waandishi wa programu huwa kazini.

6. Hataza inaweza kuibuka watu wakishazoea

Vijana wengi huiona hataza kama ngao yao. Nami huwakumbusha kwamba wengine nao wanazo. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ilitoa muundo wa picha uitwao GIF, ukaenea kote kwa sababu kila mtu aliamini ni wa bure. Ndani yake kulikuwa na njia ya kubana data iitwayo LZW, ambayo hataza yake ya Marekani ilitolewa 1985 na ikawa mikononi mwa kampuni ya Unisys. Mwishoni mwa 1994, baada ya miaka saba ya watu kuutumia, ikatangazwa kwamba programu zinazotengeneza picha hizo zitalipiwa leseni. Hasira iliyozuka ndiyo iliyozaa muundo wa PNG mwaka 1995, uliobuniwa makusudi ukwepe hataza hiyo. Hataza ya Marekani iliisha Juni 2003.

Sisi tunaoandika programu Afrika Mashariki hutumia vipande vilivyoandikwa na watu wa dunia nzima. Kabla ya kupeleka programu kwenye soko ambalo hataza za namna hii zinakubaliwa, soma leseni za vipande hivyo. Leseni ya Apache toleo la 2.0, kwa mfano, ina kifungu ambacho waliochangia msimbo wanakupa ruhusa ya hataza zao zinazohusika. Leseni ya MIT, fupi na maarufu, haitaji hataza hata mara moja.

7. Usiseme jukwaani usichokiombea

Hataza hudai upya, na kitu ulichokwisha kukieleza hadharani si kipya tena. Mashindano ya ubunifu, mikutano ya wawekezaji na video za kujitangaza huhesabika. Sheria ya Kenya inakupa miezi 12 baada ya kujitangaza ili uombe, na Marekani nayo hutoa mwaka mmoja. Ulaya haina huruma hiyo ila kwa hali chache mno. Kijana wa Kilifi alipoalikwa kwenye maonyesho tulikubaliana aonyeshe friza na samaki wake, aeleze faida, na asiguse hesabu wala jinsi kifaa kinavyotabiri kukatika kwa stima. Watu walipomuuliza zaidi alijibu kwa adabu kwamba hilo bado linaandikwa.

8. Mkataba wa kazi ni hatari kuliko mwigaji

Sasa nirudi kwa dada wa forodha na swali lake. Hataza haimfai, kwa hiyo tulikaa mezani na kuuliza ana nini kingine. Hakimiliki anayo. Jina la programu linaweza kusajiliwa kama alama ya biashara. Kanuni zake za kutambua makosa ya makaratasi zinaweza kubaki siri, zikikaa kwenye seva yake badala ya kompyuta za wateja. Hapo nikamuuliza programu iliandikwa kwa fedha za nani.

Kumbe kampuni moja ya kutoa mizigo ilikuwa imemlipa aitengeneze, kwa makubaliano ya ukurasa mmoja yaliyotaja bei na tarehe ya kukabidhi. Nikamfungulia kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki. Kinasema hakimiliki kwanza ni ya mtunzi. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa akiwa kazini, haki hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, ila kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Ukurasa wake mmoja haukusema vinginevyo. Mwizi aliyekuwa akimwogopa hakuwepo, na programu yenyewe huenda tayari ilikuwa ya mteja wake.

Tulimwandikia mteja huyo barua ya heshima kupendekeza mkataba wa nyongeza: kampuni ipate leseni ya kudumu ya kuitumia programu bila malipo zaidi, na dada abaki na hakimiliki ili aweze kuwauzia wengine. Meneja wao, mzee mmoja mtaratibu, aliisoma mbele yetu, akauliza swali moja tu: "Washindani wangu wakiinunua, mimi nafaidika na nini?" Dada akampa punguzo la matengenezo kwa miaka mitatu. Mkataba ukatiwa saini. Karatasi hiyo imemlinda kuliko hataza yoyote ambayo angeweza kuiota, na haikumgharimu ila saa moja ya wakili.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wote: kabla ya kuuliza kuhusu hataza, leta mikataba yako ya kazi. Tafuta mstari unaosema msimbo ni wa nani. Ukikosekana, sheria imeshaamua, na mara nyingi haikuamua kwa faida yako.

9. Tuna nafasi ya kuamua, tuamue kwa makusudi

Mkataba wa TRIPS unasema katika kifungu cha 27 kwamba hataza zipatikane katika nyanja zote za teknolojia, lakini hauelezi uvumbuzi ni nini. Pengo hilo ndilo lililoiwezesha New Zealand kuandika kifungu chake cha 11 na India kushikilia cha 3(k). Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, zina nafasi pana zaidi: muda wao wa mpito chini ya mkataba huo umeongezwa hadi Julai 1, 2034. Kenya haimo kwenye kundi hilo, lakini pengo la tafsiri inalo kama wengine.

Kwa upande wangu, sitaki Kenya itoe hataza kwa programu peke yake. Waandishi wa programu wa hapa wengi ni watu mmoja mmoja au kampuni changa za watu wachache. Hawana fedha za kuomba hataza nchi tano, wala za kujitetea wakishtakiwa na mwenye hataza mia. Mfumo unaompa silaha anayeweza kulipia silaha nyingi hautawafaa wao. Sitaki pia kijana wa Kilifi afukuzwe mlangoni kwa sababu tu friza yake inaendeshwa na msimbo. Yeye, baada ya kuandika upya maelezo yake, alimwona wakala wa hataza, wakaangalia pia cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho Kenya hukitoa bila kudai hatua ya uvumbuzi na ambacho hudumu miaka 10. Maombi yake yanazungumzia friza kuanzia ukurasa wa kwanza, na programu inatajwa pale tu inapofanya kazi ndani yake.

Kunyamaza kwa kifungu cha 21 hakuwasaidii wote wawili. Kunamfanya mmoja atumie akiba yake kwa tumaini lisilokuwepo, na mwingine akate tamaa bila sababu. Mswada wa Miliki Ubunifu wa 2020 ulipendekeza kuziunganisha taasisi tatu zinazosimamia haki hizi. Majengo na vyeo ni rahisi kujadili. Mswada wa namna hiyo ukirudi mezani, mimi nitapeleka maoni yenye mambo matatu: sheria itamke wazi kwamba programu peke yake si uvumbuzi, itamke wazi kwamba mashine au mchakato ulioboreshwa kwa programu unaweza kuwa uvumbuzi, na iweke mifano miwili ndani yake, kama walivyofanya New Zealand, ila mifano ya hapa. Wa kwanza uwe wa makaratasi ya bandarini, wa pili uwe wa friza ya samaki. Karani wa usajili ataielewa, hakimu ataielewa, na aliyeandika programu hatahitaji kuniuliza mimi.